Simu ya upepo ilinyamaza saa tisa alasiri: ni antena au ni jua?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nakaa kwenye meza ya simu ya upepo katika kampuni ya utalii hapa Arusha, ofisi yetu iko Sakina. Alhamisi ya tarehe 3 Oktoba 2024, saa tisa na robo hivi alasiri, niliyapoteza hewani magari yote matatu kwa mpigo, mawili yakiwa Seronera na moja Ndutu. Hata ule mvumo wa kawaida wa hewani ulipotea. Nikamwita fundi aliye jirani, akapanda paani, akabadilisha waya wa antena, akashuka, akalipwa. Saa kumi na robo redio ikawa nzima. Baadaye dereva mmoja akaniambia lilikuwa jua. Tangu hapo kila mara naletewa ujumbe wa WhatsApp kwamba jua litalipuka usiku, tuzime simu. Naomba kujua: haya mambo hujulikana mapema? Mimi nitazame nini? Na bosi anauliza kama yule fundi alitudanganya.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dereva wako alisema kweli. Siku ile, saa tisa na dakika 18 alasiri kwa saa yetu, mlipuko wa jua wa daraja la X9.0 ulifika kileleni. Ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliopimwa tangu Septemba 2017, na ulitukuta Afrika nzima tuko mchana. Ungekuwa na meza yako Lusaka au Accra, ungesimulia hadithi hiyohiyo.

Lakini kilichonifanya nikuandikie kirefu ni yale maneno yako kwamba hata mvumo wa hewani ulipotea. Katika miaka yangu ya kuhangaika na redio nimekutana na watu wachache sana wanaosikiliza ukimya. Wengi husema tu "redio imekufa". Wewe ulisikia namna ilivyokufa, na hapo ndipo penye jibu la nusu ya maswali yako.

Tuanze na njia inayopitwa na sauti yako. Kutoka Sakina hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na katikati pamekaa nyanda za juu za Ngorongoro. Zile redio ndogo za VHF za kwenye magari haziruki milima hiyo bila ripita, yaani mtambo wa mlimani unaopokea sauti na kuirusha tena. Redio yako kubwa ya HF, yaani ya masafa mafupi, hufanya ujanja mwingine: inarusha mawimbi juu, karibu wima, kama mtoto anayechezea mpira wa kumwagilia bustani akauelekeza mbinguni, maji yakamwangukia yeye na majirani. Kule juu, kwenye kilomita 250 hadi 300 hivi, ipo hewa nyembamba ambayo mwanga wa jua umeng'oa elektroni kutoka kwenye chembe zake. Ndiyo ayonosfia, na tabaka lake la juu, linaloitwa F, ndicho kioo kinachoirudisha sauti yako Serengeti.

Sasa chini ya kioo hicho, kati ya kilomita 60 na 90, kuna tabaka jingine, D. Hili halirudishi kitu, linanyonya. Hewa ya hapo ni nzito kidogo, kwa hiyo elektroni zikitikiswa na wimbi lako zinagongana na chembe za hewa, na nguvu yako yote inaishia kuwa joto. Siku ya kawaida tabaka la D huonja kidogo mchana, na usiku hutoweka kabisa. Ndiyo maana ukifungua redio ya masafa mafupi usiku unasikia stesheni za nchi ambazo mchana hazipo. Jua likilipuka, eksirei zake, mionzi ya aina ileile ya kupigia picha mifupa hospitalini, hushuka hadi hapo na kulinenepesha tabaka hilo ndani ya dakika chache. Wimbi lako linamezwa likipanda, na makombo yake yanamezwa yakishuka.

Mpaka leo kinachonishangaza ni udogo wa kitu chenyewe. Setilaiti za Marekani ziitwazo GOES, zilizo kilomita 35,800 juu ya ikweta, hupima eksirei za jua usiku na mchana. Madaraja ni A, B, C, M na X, na kila moja ni mara kumi ya lililotangulia. X9 maana yake ni wati 0.0009 kwa kila mita ya mraba. Jua lenyewe hutupa wati kama 1,361 kwa mita hiyohiyo. Yaani kilichozima redio yako hakikufika hata sehemu moja ya milioni ya mwanga uliokuwa unaanika nguo zako siku ile. Hukuhisi joto, hukuona kitu, jua lilikuwa lilelile la Arusha la mwezi wa kumi.

Haya, turudi kwenye ukimya. Ule mvumo unaousikia mchana kwenye HF kwa sehemu kubwa ni radi za mbali, za Kongo na za Ziwa Victoria, zinazokufikia kwa njia ileile ya kioo cha juu. D likinenepa linazimeza hizo pia, ndiyo maana hewa inakuwa tupu kama mtu amechomoa antena. Zitabaki kelele za karibu tu: chaja ya simu, taa za LED, jenereta ya jirani. Antena ikikatika kweli utasikia ukimya unaofanana na huo, kwa hiyo usiamue kwa sikio peke yake. Jiulize mambo mengine. Je, ni mchana? Mlipuko wa jua hauwezi kukuzimia HF usiku, maana eksirei hazipiti katikati ya dunia. Je, VHF ya mjini inafanya kazi? Kama inafanya, huku HF imenyamaza kote, hiyo ni dalili. Je, wenzako wa kampuni nyingine, wenye antena zao na mafundi wao, nao wamepotelewa dakika hiyohiyo? Hilo ndilo swali kubwa. Piga simu Njiro, piga Kijenge, uliza. Antena tatu za wenyewe tofauti hazikatiki kwa pamoja.

Na dalili ya mwisho ni namna ya kurudi. Mlipuko huja ghafla na kuondoka taratibu, na masafa ya juu hufunguka kabla ya masafa ya chini. Ukiwa na masafa mawili, moja la megahezi 5 na jingine la 8, la 8 litaanza kukoroma kwanza, kisha baada ya robo saa au nusu saa la 5. Waya uliokatika haujiungi wenyewe kwa utaratibu huo.

Sasa swali lako la kujua mapema. Hapa watu wengi, hata waandishi wa habari, hukoroga vitu viwili katika sufuria moja. Kuna mlipuko na kuna dhoruba. Mlipuko ni mwanga, na mwanga hutoka kwenye jua hadi kwetu kwa dakika nane na sekunde ishirini hivi. Hakuna kitu kinachokimbia kuliko mwanga ili kikutangulie na habari. Setilaiti inapouona mlipuko, redio yako nayo imeshaathirika. Kwa hiyo mtu akikuambia "kesho saa tano jua litalipuka", hata awe na suti na bendera nyuma yake, hajui anachosema.

Kinachotabirika ni hatari. Watabiri hutazama madoa ya jua, hasa yale makundi ambayo ncha za kaskazini na kusini za usumaku zimebanana na kusokotana katika doa moja. Makundi ya namna hiyo ndiyo yanayolipuka sana. Kituo cha utabiri kilichoko Boulder, Colorado, hutoa kila siku asilimia za uwezekano wa milipuko ya M na ya X kwa siku tatu zijazo. Ni utabiri wa aina tunayoijua sisi tuliokulia chini ya Meru: wingu limekaa mlimani tangu asubuhi, chukua mwavuli, lakini usiniulize mvua itaanza saa ngapi na itaanzia mtaa gani. Kundi la madoa lililokuzimia redio lilikuwa na namba 3842, na halikuwa geni. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba, saa saba na dakika 20 usiku, lilitoa mlipuko wa X7.1. Wewe ulikuwa umelala, D halikuwepo la kunenepeshwa, na asubuhi redio ilikuwa kama kawaida. Lakini aliyekuwa akitazama jua siku hiyo alijua kwamba doa hilo bado liko upande wetu na bado lina hasira.

Dhoruba ni habari nyingine kabisa. Wakati mwingine, pamoja na mlipuko au hata bila mlipuko wa maana, jua hutupa wingu kubwa la gesi yenye chaji, likiwa limebeba usumaku wake lenyewe. Hili halisafiri kwa mwendo wa mwanga. Lenye haraka kupita kiasi hufika kwa saa 17 au 18, kama lile la Septemba 1859, ambalo mlipuko wake Richard Carrington aliuona kwa macho yake kule Uingereza akichora madoa. Mengi huchukua siku moja hadi nne. Hapo utabiri unawezekana.

Fikiria lori la mizigo linalotoka Dar kuja Arusha. Mlipuko ni simu: unaambiwa papo hapo kwamba kuna jambo limetokea. Wingu ni lori. Unaweza kujua kwamba limeondoka, na kamera za setilaiti kama SOHO, iliyorushwa mwaka 1995, huonesha linavyoondoka na kwa mwendo gani. Kompyuta hukadiria saa ya kufika, lakini kukosea kwa saa kumi hivi, mbele au nyuma, ni jambo la kawaida, maana njiani kuna upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji zinazotoka kwenye jua muda wote, wa kasi tofauti na pengine lori jingine lililotangulia. Na hujui limebeba nini. Hilo ndilo tatizo kubwa. Athari ya wingu inategemea usumaku wake umeelekea wapi. Ukishawahi kuchezea sumaku mbili za spika unajua: ukizigeuza hivi zinasukumana, ukizigeuza vile zinanasana. Usumaku wa wingu ukielekea kaskazini, usumaku wa dunia unausukuma na mengi hupita pembeni. Ukielekea kusini, unanasa, mlango unafunguka, nguvu inaingia.

Mizigo hiyo hukaguliwa mizani tu, na mizani yenyewe iko karibu na mwisho wa safari, kama ile ya Himo kwa lori linalokuja Arusha. Setilaiti za ACE na DSCOVR zimewekwa kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani upande wa jua, ambayo ni sehemu moja tu ya mia ya njia nzima. Wingu likipita hapo kwa kasi ya kilomita 500 kwa sekunde, kutoka mizani hadi kwetu ni dakika 50. Likija kwa 800, ni dakika 31. Huo ndio muda wa uhakika tulio nao mpaka leo. Mengine yote kabla ya hapo ni makadirio ya watu wenye akili na uzoefu, lakini makadirio.

Angalia Oktoba ileile ilivyofundisha. Mlipuko wa X9.0 uliokuhangaisha ulifuatiwa na wingu ambalo halikuleta dhoruba ya kutisha. Siku sita baadaye, alfajiri ya tarehe 9, kundi jingine la madoa likatoa X1.8, mara tano ndogo kuliko ule wa kwanza. Wingu lake likafika jioni ya tarehe 10 na kuleta dhoruba ya G4, ya pili kutoka juu katika kipimo cha ngazi tano. Mwenye kupima hatari kwa ukubwa wa herufi na namba alishangaa. Mtu wa simu ya upepo aogope X9. Mwenye gridi ya umeme na mwenye setilaiti waogope wingu lililoelekea kusini, hata kama mlipuko wake ulikuwa mdogo. Setilaiti si mzaha: Februari 2022, kati ya setilaiti 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa tarehe 3, karibu 40 zilianguka na kuungua, kwa sababu dhoruba ya wastani tu ilivimbisha hewa ya juu ikazivuta chini.

Dhoruba hupimwa kwa kutazama usumaku wa dunia unavyotikisika. Kipimo mashuhuri ni Kp, cha kutoka 0 hadi 9, kinachotolewa Potsdam, Ujerumani, kwa vipimo vya vituo 13. G1 huanzia Kp 5, G5 ni Kp 9. Mimi nikiwa mtu wa huku karibu na ikweta napenda zaidi kipimo kingine, Dst, maana kinatokana na vituo vinne vya latitudo za chini, na kimojawapo ni cha Afrika: Hermanus, Afrika Kusini. Kituo hicho kina kisa ninachokipenda. Kilianzia Cape Town mwaka 1932, lakini treni za mjini zilipowekewa umeme, sindano za sumaku zikaanza kucheza kwa ajili ya treni badala ya jua, ikabidi wahamie Hermanus mwaka 1941. Tangu Novemba 2022 hapo pana kituo cha utabiri wa hali ya anga za juu kinachofanya kazi saa 24 na kuhudumia usafiri wa ndege. Rubani anayetua KIA amekwisha kufaidika nacho bila kujua jina lake.

Gridi yetu sisi haimo katika hatari kama ya Kanada, ambako tarehe 13 Machi 1989 jimbo la Quebec lilizimika lote kwa sekunde zipatazo 90 na watu milioni sita wakakaa gizani kwa muda wa saa tisa. Mikondo ya umeme ambayo dhoruba huizusha ardhini na kuiingiza kwenye gridi hupenda nchi za karibu na ncha za dunia. Ila tusijisahau sana. Baada ya dhoruba za mwishoni mwa Oktoba 2003, transfoma kadhaa kubwa za Afrika Kusini zilionekana zimeharibika ndani, na Afrika Kusini haiko Kanada.

Sasa nikuambie jambo ambalo vichwa vya habari havisemi kamwe, maana huandikwa na watu wa kaskazini. Sisi tuna shida yetu wenyewe, na haihitaji mlipuko wala dhoruba. Ikweta ya usumaku barani Afrika hupita Ethiopia, si hapa. Pande zake mbili, kama nyuzi 15 kila upande, ayonosfia hurundikana na kuwa nene kuliko popote duniani, na rundo la kusini hutukalia sisi, Tanzania ya kaskazini. Jua likishazama, kuanzia saa moja na nusu usiku hivi, sehemu ya chini ya rundo hilo huanza kupanda na kutoa mapovu, kama uji unaotokota. Ishara ya setilaiti ikipita katikati ya mapovu hayo inapepesuka kama nyota inavyometameta. Mambo haya hushika zaidi Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, miaka ambayo jua lina madoa mengi, na huisha usiku wa manane au baada yake kidogo.

Maana yake kwako ni kwamba simu ya setilaiti uliyompa dereva kama akiba inaweza kukatakata saa mbili usiku akiwa Ndutu, wakati HF yako inasikika vizuri tu. Na mpima ardhi mwenye GPS ya vipimo vya sentimita ataona mashine inakataa kutulia. Anayeijua hali hii hupima asubuhi akaenda zake. Nimeona watu wakirudisha vifaa vya mamilioni dukani kwa kosa la povu.

Utazame nini, basi? Kitu kimoja tu kinatosha kuanzia: grafu ya eksirei ya GOES, iliyo wazi kwa yeyote kwenye tovuti ya kituo cha Boulder. Ni mstari unaosogea kila dakika. Siku tulivu unalala, mlipuko ukija unasimama kama ukuta. Redio ikinyamaza, fungua grafu kabla hujamwita mtu wa kupanda paani. Hapohapo ipo ramani inayoonesha ni sehemu gani ya dunia D linanyonya muda huo na hadi masafa gani. Ngazi zao za kuzimika redio ni R1 hadi R5: mlipuko wa M1 ni R1, M5 ni R2, X1 ni R3, X10 ni R4, X20 ni R5. Siku yako ilikuwa R3 iliyokaribia mpaka wa juu.

Saa zao zitakuchanganya, kwa hiyo shika kanuni yangu. Wanaandika kwa UTC, saa ya kimataifa. Wenye saa za Kizungu huongeza tatu, lakini sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunatoa tatu. 12:18 ya UTC, toa tatu, saa tisa na dakika 18. Tarehe 11 Novemba 2025 kulikuwa na mlipuko wa X5.1 saa 10:04 ya UTC. Toa tatu, saa saba na dakika nne mchana. Kama daftari lako la siku hiyo linaonesha magari yalipotea baada ya chakula cha mchana, sasa unajua. Ikiwa saa ya UTC ni ndogo kuliko nne, ongeza tisa; na jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. Ule wa X1.8 ulikuwa 01:56, ambayo ni saa kumi na dakika 56 alfajiri. Nimewafundisha vijana kanuni hii na wanaipenda kuliko fizikia yote.

Daftari lenyewe liwe na dakika, si "mchana". Andika saa uliyopoteza gari la kwanza, saa ya la mwisho, masafa gani, mvumo ulikuwepo au haukuwepo, na saa ya kurudi. Baada ya miezi michache utakuwa na kumbukumbu ambayo hata mimi nitaiomba. Weka pia alama kila baada ya siku 27, maana ndio muda wa jua kuzunguka na kuturudishia upande uleule; dhoruba ndogondogo zinazotokana na matundu ya taji la jua, yaani sehemu za hewa yake ya nje zinazoachia upepo wa kasi, hupenda kurudi kwa mwendo huo. Na mtu asikuambie kwamba kilele cha mzunguko huu wa jua kilikuwa mwaka 2024 kwa hiyo mambo yamekwisha. Milipuko mikubwa ya Septemba 2017 ilikuja miaka mitatu na zaidi baada ya kilele cha mwaka 2014.

Ule ujumbe wa WhatsApp naujua, ni mzee kuliko simu zetu nyingi. Unasema kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu usiku mionzi ya hatari itapita karibu na dunia, zima simu, weka mbali na mwili. Wewe sasa una silaha za kuujibu mwenyewe: usiku jua liko upande wa pili wa dunia, na mlipuko haupangiwi saa. Ongeza la tatu, kwamba mionzi ya namna hii huishia angani na haijali simu yako imewashwa au imezimwa.

Niliona mkanganyiko huo Mei 2024. Ijumaa tarehe 10, saa mbili usiku kwa saa yetu, ilianza dhoruba ya G5, ya kwanza ya kiwango hicho tangu 2003. Jumapili tarehe 12 intaneti Tanzania nzima ikalegea. Mtaani kila mtu akawa mtaalamu wa jua. Ukweli ni kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Kinachosafiri ndani ya nyaya hizo ni mwanga kwenye nyuzi za kioo, na tabaka la D halimo baharini. Mambo mawili yakifuatana si lazima moja limezaa jingine. Jogoo huwika kukakucha, na hatumlipi jogoo.

Hapo ndipo nafika kwa fundi wenu, ambaye kwa bahati yake alishuka paani wakati mlipuko umeshapita na D linajipunguza lenyewe. Simwiti mwongo. Aliona redio bubu, akafanya anachokijua, redio ikasema. Hata mimi ujana wangu niliwahi kuitengeneza redio namna hiyo, na nilitembea wiki nzima nimevimba kichwa. Mwambie bosi amuulize jambo moja tu: alipima antena kwa mita kabla ya kuibadilisha, na ilisoma ngapi? Kama alipima ikaonesha ubovu, mlikuwa na matatizo mawili siku moja na pesa haikupotea. Kama hakupima, mara nyingine apime kwanza.

Na waya wa zamani aulete. Ikiwa masafa yenu ni ya megahezi 5, waya huo una urefu wa kama mita 28 na nusu, pande zote mbili pamoja. Ombeni TCRA masafa ya pili ya mchana, karibu na 8. Saa za mchana kioo cha juu huku kwetu mara nyingi hurudisha hata zaidi ya megahezi 10, kwa hiyo Seronera bado utaifikia, na hasara ya D hupungua haraka kadiri masafa yanavyopanda. Kwa mlipuko kama ule wa X9 hata 8 itazimika kileleni, lakini itarudi kabla ya 5, na kwa milipuko ya M, ambayo ndiyo mingi, huenda isizimike kabisa. Kanuni ya urefu ni 143 gawa kwa megahezi. Ukate waya wa zamani ubaki mita 18, tisa kila upande, muufunge paani kwa pembe tofauti na ule mpya ili visiingiliane, na swichi ya kuchagua antena uiweke mezani kwako, mkono unapofika bila kusimama.